Walimu watano, madarasa saba: niwasaidieje bila hela ya semina?

Mkuu_wa_Zamu: Habari wadau. Shule ya kijijini, walimu watano kwa madarasa saba, na mimi mwalimu mkuu nina vipindi vyangu. Wawili ni wapya. Nikiingia kuangalia somo, kila mtu anatoa andalio lililonakiliwa vizuri. Nikitoka, mambo yanarudi palepale. Nianzie wapi?

Chaki_Mbili: Weka kando fomu ya ukaguzi. Fomu ya vipengele thelathini inamfundisha mwalimu kuigiza tu. Keti nyuma dakika 20 na karatasi moja: chora madawati yalivyopangwa, kisha kila mtoto anayejibu mtilie alama palepale alipokaa. Mara nyingi alama zinarundikana mbele na katikati, kona za nyuma tupu. Siku hiyohiyo mpe mwalimu karatasi, muulize anaona nini, halafu nyamaza. Kubalianeni badiliko moja, urudi ndani ya wiki kuangalia hilohilo. Ukimtajia makosa matano, ataondoka nayo yote matano.

Mkuu_wa_Zamu: Nimekupata. Mmoja wa wapya anauliza swali na kujijibu mwenyewe. Huyo je?

Kengele: Hesabu sekunde. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya swali. Wakifikisha 3, majibu yanarefuka na wanaokaa kimya wanapungua. Mwambie akunje vidole vitatu, kimoja kimoja, mkono ukiwa mgongoni. Tena ataje jina baada ya swali, si kabla. Jina likitangulia, darasa zima lililobaki linapumzika.

Bibi_Ratiba: Wadau, mmeruka hesabu ya madarasa. Walimu watano hawatoshi madarasa saba, kwa hiyo kuna ya kuunganisha. Tumia mbao mbili kwenye kuta zinazotazamana, kila kundi lielekee ubao wake. Kazi ya kundi la kwanza iandikwe kabla ya kengele. Kwa kipindi cha dakika 40: kundi la pili lifundishwe 17, mbadilishane, tena 17, na 6 za mwisho za kupitia madaftari. Kinachoharibu ni kazi ya kimya yenye jambo jipya: mikono inainuka, mwalimu anakatizwa, makundi yote mawili yanakosa. Wape walichokwisha kufundishwa. Darasa la kwanza usiliunganishe ukiweza kukwepa, maana hawajaweza kusoma maelekezo ubaoni.

Mkuu_wa_Zamu: Na muda wa kukaa nyuma ya darasa nautoa wapi?

Kengele: Si lazima uwe wewe. Kipindi chako kimoja kwa wiki, shika darasa la mwalimu mpya, yeye aende kumtazama mwenzake mzoefu. Mtume na swali moja: "Anafanya nini mtoto akikosea?" Akienda bila swali atarudi na "somo lilikuwa zuri". Kiandike kwenye ratiba ya ukutani, la sivyo dharura ya kwanza itakimeza.

Chaki_Mbili: Nyongeza moja, mkuu. Zile karatasi za madawati zibaki kwa mwalimu mwenyewe. Siku moja tu zikionekana kwenye faili lake, kuigiza kunarudi.