Mchezo wa hesabu: watoto wavishwe kipima ubongo?

Mwalimu, Ilemela: Wadau, kuna wazo limeletwa kwetu: watoto wanaocheza gemu za hesabu kwenye tableti wavishwe mkanda wa kichwani unaosoma umeme wa ubongo, tujue nani mchezo umemkolea na nani anabonyeza tu. Naunga mkono. Mtoto ukimuuliza kama ameupenda atasema ndiyo, maana anayeuliza ni mwalimu. Na si uchawi: Hans Berger, Mjerumani, alirekodi umeme huo kwa binadamu mwaka 1924. Mwaka 1995 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakatoa kanuni ya mawimbi ya umeme huo, ambayo hupangwa kwa kasi: beta ya haraka, gawanya kwa jumla ya alfa ya kati na theta ya polepole. Namba ikipanda, akili iko kazini.

Fundi simu, Kirumba: Mwalimu, kwa heshima, hapo mwisho umeruka. Juzi mpwa wangu alikuwa kibandani kwangu anacheza gemu ya kuzidisha. Meno kayauma, jicho halipepesi, anahema kama anavuta wavu wa sangara. Umeme wa ubongo ukifika juu ya ngozi umeshanyong'onyea; mtu akikaza taya tu, wa misuli unaufunika, tena unaangukia humohumo kwenye beta. Mkanda ungesema dogo kazama kwenye hesabu. Alipomaliza hatua zote nikamuuliza saba mara nane. "Hamsini na nne, mjomba." Kuzama alizama kweli, ila kwenye kukusanya nyota.

Halafu hao wa NASA walipima utosini. Mikanda mingi ya bei nafuu inapima kwenye paji la uso. Kanuni ileile, mahali pengine!

Mama wa watoto wawili, Igoma: Utosini? Binti yangu kasukwa juzi, afumuliwe kwa ajili ya gemu? Na hizo namba anabaki nazo nani? China mwaka 2019 shule ya msingi huko Jinhua iliwavisha watoto mikanda hiyo, watu wakapiga kelele, ikasitishwa. Sheria yetu hapa Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Mwalimu, Ilemela: Sawa, nashuka kidogo. Watoto wachache, mzazi akiridhia, wakati gemu bado inatengenezwa. Isiwe alama ya darasani.

Fundi simu, Kirumba: Hapo tunaelewana. Ila mkanda ukivuliwa, apewe chaki aende ubaoni.

Mama wa watoto wawili, Igoma: Na hiyo fomu ya ridhaa, mwalimu wangu, iandikwe Kiswahili.