Binti wa darasa la tano na karate: itamsaidia kweli akikabwa?

Mama_Mabatini:
Habari za jioni wapendwa. Binti yangu anatoka tuisheni saa kumi na mbili na nusu, kisha anapanda huku kwetu juu kwenye mawe. Mpaka afike, giza limeshaingia. Wiki iliyopita vibaka wamempiga kabali mtoto wa jirani, begi likaenda. Nataka nimpeleke karate, lakini si ya kuvaa nguo nyeupe na kupiga picha. Akikamatwa ajue cha kufanya. Baba yake anasema nitafuga mgomvi. Naombeni ushauri wa kweli.

Kijana_wa_Igogo:
Mpeleke dada, hata kesho. Wa kwangu tangu aanze, waliokuwa wanamwonea shuleni wamekoma.

Mwalimu_Mkuyuni:
Poleni sana dada. Nafundisha watoto judo, yaani mchezo wa kukamatana na kuangushana, zamani nilifundisha karate. Nikwambie ukweli: mtoto wa kilo 30 hampigi mwanaume wa kilo 70, awe na mkanda wa rangi yoyote. Mwalimu akikuahidi hilo, mchukue mtoto uondoke, maana ataaminishwa asimame apigane wakati alitakiwa awe ameshafika kwa mangi dukani.

Anachoweza kujifunza vizuri ni kuchomoka. Akishikwa mkono asivute kinyumenyume tu. Azungushe kuelekea kidole gumba cha aliyemshika, ndipo penye mwanya, avute kwa ghafla kiwiko kikirudi mwilini. Akipigwa kabali, ainamishe kidevu kwenye kiwiko cha mkabaji ili koo lipate nafasi, na mikono yote miwili iuvute ule mkono chini. Begi aachie. Hayo yarudiwe mpaka mwili uyajue wenyewe. Kuonyeshwa mara moja hakusaidii kitu.

Na kelele zifundishwe! Mabinti zetu wamelelewa kunyamaza, sauti inakwama kooni. Mimi nawafundisha wapige yowe, "Simjui huyu!" Mtoto akilia tu huku anavutwa, wapita njia wanadhani ni baba anamrudisha nyumbani.

Judo, aliyoianzisha Jigoro Kano kule Japani mwaka 1882, naipendea kuanguka. Mtoto anajifunza kukunja shingo, kisogo kisiguse chini. Kwa njia zenu za mawe huko Mabatini, hilo peke yake linatosha kumpeleka.

Hofu ya baba ina msingi. Nendeni wote wawili mkakae mtazame: mtoto akiendelea kupiga baada ya kuambiwa basi, mwalimu anafanya nini? Na asiyetaka wazazi wakae ndani, msimpe mtoto.

Wa_Mwaloni:
Mwalimu nakuheshimu, ila tusidanganyane. Wengi wanaoumiza watoto ni watu wanaowajua: mjomba, jirani, bodaboda wa kila siku. Huyo hapigi kabali, analeta soda. Judo hapo itafanya nini?

Mwalimu_Mkuyuni:
Hapo umenena kaka. Kwa huyo, mtoto anahitaji kujua kwamba anaruhusiwa kumwambia mtu mzima hapana, na akisema nyumbani hatachapwa. Sisi tumewafunza shikamoo tukasahau hilo. Wanafunzi wangu wote wanaijua namba 116, ya simu kwa mtoto, haina malipo. Na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, mzazi usione aibu kwenda. Mazoezi ya mwili bila mazungumzo hayo nyumbani ni nusu ya kazi.

Mama_Mabatini:
Asanteni mno. Nimemsomea baba yake yote, amekubali kwenda kutazama. Na mwalimu wa tuisheni nitamwomba awatoe saa kumi na moja, hata wazazi wengine wataniunga mkono. Mwalimu, aje na nini siku ya kwanza?

Mwalimu_Mkuyuni:
Suruali ya mazoezi na fulana nzito isiyo na vifungo. Kucha zikatwe, hereni zibaki nyumbani. Na wewe uje na kanga ya kukalia, maana viti hatuna.