Mliowahi kulea wazee wa nevi (jeshi la majini) huku Marekani, tupeane uzoefu wa hili vumbi la asbesto

Mtoa mada: Wadau, niko Minnesota, nalea wazee toka 2004. Babu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa boila kwenye manowari vita ya pili, kila akikohoa ananambia "ni yale mabomba", mi nikajua kachanganyikiwa tu. Kumbe mabomba ya mvuke yalivikwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto, mizinga ikilia meli inatikisika, vumbi linawamwagikia mpaka vitandani maana walilala chini ya mabomba hayohayo. Kavua sare 1946, maji yakajaa kifuani 2005. Piga hesabu, miaka 59! Nani mwingine yamemkuta?

Kamau wa Texas: Wangu alikuwa wa Vietnam, injini rumu. Alivuta sigara sana so binti yake alikuwa anamgombeza kila siku, umejiletea mwenyewe. Daktari kukata kinyama cha utando wa mapafu wakaambiwa ni mesotelioma, kansa ya utando inayoletwa na vumbi la asbesto, na hiyo sigara haileti. Huyo binti alilia nikashindwa niseme nini. Na si ya wa chini tu, Admirali Elmo Zumwalt, aliyewahi kuwa mkubwa wa nevi nzima, iliondoka naye 2000. Kitu kimoja niwaambie, mzee akiwa bado anaongea mwandikieni jina la meli na kazi aliyofanya, kwa mafao ya VA (idara ya serikali ya wanajeshi wastaafu) hiyo kazi ndo wanaangalia.

dada_wa_shifti_ya_usiku: Wangu meli hajawahi hata kupanda jamani. Ni bibi, mumewe alikuwa fundi yadi ya meli Virginia, yeye kazi yake kukung'uta ovaroli kabla hajafua. Mume kafa kwa moyo, kansa ya vumbi ikampata yeye 😢

mwana wa Likoni: Mmenitia hofu nyie. Babu yangu alikuwa kibarua Kilindini, 1942 manowari za Mngereza zilipohamia Mombasa baada ya Mjapani kupiga Ceylon (Sri Lanka ya leo). Alikufa kwa kifua, twajua ni TB. Sisemi ni hiyo, nani alimpima?

Mtoa mada: Pole kaka. Alikuwa wa kupakua mizigo au waliingizwa ndani kwenye matengenezo?

mwana wa Likoni: Nimempigia mama sasa hivi. Asema alikuwa akiingia chini kwa mafundi kubandua vitu kwenye mabomba, jioni arudi mweupe kama katoka kinuni, na nyanya amcheka.