Midahalo ya wagombea inamsaidia mpiga kura? Tupeane uzoefu

Mnaoandaa au kufuatilia midahalo ya uchaguzi Kenya, wekeni hapa mbinu zenye manufaa. Kampeni zibaki huko nje.

Daftari: Gawa ukurasa safu tatu: ameahidi nini, pesa zitatoka wapi, mamlaka ni ya nani. Safu ya tatu ndiyo huwaumbua. Mgombea ugavana akiahidi kuongeza polisi au kuajiri walimu wa sekondari, anauza asichokuwa nacho. Hayo ni ya serikali kuu kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Yake ni hospitali za kaunti, chekechea, masoko, kilimo. Wa urais nao huahidi zahanati kana kwamba ugatuzi haujawahi kuzaliwa.

MwanaWadi: Ngazi ya wadi, piga hesabu ya dakika kwanza. Wagombea 8 kwa dakika 2 kila mmoja, swali moja limekula 16. Ukiwa na saa moja na nusu, yanaingia maswali manne, na dakika 26 zinabaki kwa wananchi. Wananchi waandike maswali kwenye karatasi; ukimpa mtu maikrofoni atahutubia. Mpangilio wa kujibu upangwe kwa bahati nasibu upya kila swali, maana wa mwisho hunakili wenzake. Tiketi ziwe sawa kwa kila mgombea, la sivyo mwenye pesa anajaza ukumbi wapambe wa kumzomea mpinzani.

Kipima: Na mgombea asipofika? 2013 wagombea urais wote wanane walipanda jukwaani. 2017 Raila Odinga alijibu peke yake, Uhuru Kenyatta hakutokea. 2022 Raila akasusia, akabaki William Ruto. Mtu akiwa peke yake, mdahalo umegeuka mahojiano, na kazi ya mpinzani inamwangukia mwendeshaji. Asipokuwa na bajeti na takwimu mkononi, mgombea anapiga porojo dakika tisini bila kuguswa.

Daftari: Kweli. Hapo swali zuri ni la kufuatilia: "Shilingi ngapi, mwaka gani, utapunguza wapi?"

MwanaWadi: Halafu vile vipande vya WhatsApp vya kesho yake. Mara nyingi huanzia kwenye jibu, swali limekatwa. Tafuta rekodi nzima, rudi nyuma hadi pale mwendeshaji anapouliza.