Mrejesho: gari lililochemsha, fundi akataka ninunue injini nyingine

Wakuu, mrejesho niliowaahidi. Kwa ambao hawakuona: gari lilichemsha ghafla njiani, fundi akasema injini imekufa, ninunue nyingine. Mkanishauri nisitoe hela kabla ya kupata fundi wa pili.

Huyu wa pili alianza kwa kufungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Hakukuwa na ule utando mweupe kama maziwa unaoonekana maji yakichanganyika na oili. Akapima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), silinda zote zikasoma karibu sawa. Injini imekufa wapi hapo jamani?

Kumbe ni wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Beringi imelegea, maji yakawa yanavuja kupitia kitundu kilicho chini ya pampu mpaka rejeta ikabaki tupu. Tumebadilisha pampu, themostati (inayodhibiti joto la injini) na mkanda, tukajaza kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) badala ya maji ya bomba yanayoleta kutu. Gharama imeuma, sitadanganya, ila haikaribii ya injini.

Aliyeuliza kama niliendelea kuendesha mshale wa joto ulipopanda: hapana, nilizima palepale. Fundi anasema ningeng'ang'ana, silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) ingeweza kupinda. Pampu ya zamani nimeidai, ninayo.