Tupeane uzoefu: mtu wenu wa misaada aliposhikwa mateka, mliombaje aachiliwe?

Mwanzisha mada, Kampala
Ndugu zangu, wengi humu tuna mtu aliyefanya kazi ya misaada Kongo, Sudan Kusini au kaskazini mwetu wakati wa vita. Aliposhikwa, mlisema na nani? Mlinyamazia nini? Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 34, unakataza kuchukua mateka, lakini aliyeko msituni na bunduki hasomewi kifungu akalegea. Ambaye bado yuko mikononi mwao msimtaje jina, tafadhali.

Mama Bundibugyo
Mimi ni mtu wa Kamango, mashariki mwa Kongo. Julai 2013 waasi wa ADF waliposhambulia tulivuka mpaka na watoto mgongoni. Wakati huohuo wafanyakazi wanne wa Madaktari Wasio na Mipaka, Wakongomani wenzetu, walichukuliwa palepale Kamango. Mmoja alitoroka 2014. Watatu tunawalilia hadi leo.

Wa kwangu ni kaka yangu, dereva wa gari la chanjo, alishikwa barabarani baadaye. Pasta alitupeleka redioni. Mzee wa ukoo akatukataza kulia hewani: "Aliyemshika akisikia mmelia sana, bei inapanda." Tukaandika maneno machache: yeye ni mtoto wa nani, hajawahi kushika silaha, na chanjo alizobeba ni za watoto wa vijiji vyote, hata wa hao walioko msituni. Tukataja na dawa yake ya presha, kidonge kimoja asubuhi akishakula. Ilisomwa kwa Kiswahili na Kitalinga, lugha ya kwetu. Habari za fedha hatukugusa hata kidogo.

Alipotoka alituambia walinzi wake walikuwa na redio. Sisemi tangazo ndilo lililomtoa. Ila tangu jioni ile waliacha kumwita "wewe", wakamwita kwa jina la baba yake, na mmoja akamtafutia vidonge.

Nesi wa Arua
Pole sana, mama. Sisi tuliambiwa tunyamaze. Mume wangu alikuwa dereva wa shirika Sudan Kusini. Ofisi ilisema kimya ndiyo usalama wake, tukatii. Huenda kuna ukweli: Louisa Akavi, nesi wa New Zealand aliyetekwa Syria 2013 pamoja na madereva wawili Wasyria, Msalaba Mwekundu haikumtangaza hadi Aprili 2019. Lakini kwetu kimya kiligeuka kusahauliwa. Simu hazikupokelewa, mshahara ukakatwa nikiwa na ada ya shule ya kulipa, na ofisi ileile ilikuwa ikituma mtu kwa familia ya mgeni aliyeshikwa naye gari moja! Mume wangu alirudi, Mungu ashukuriwe. Mkiambiwa mnyamaze, daini mpewe mtu mmoja wa kuwapigia kila wiki, hata kama hana jipya.

Mwana wa Lira
Wasichana wa shule ya Aboke, huku kaskazini mwa Uganda, hawakuwa watu wa misaada, lakini kuomba tulijifunza kwa wazazi wao. Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwachukua 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule yao, akawafuata porini, akarudi na 109. Kwa ajili ya 30 waliobaki wazazi waliunda chama, wakabisha hodi hadi ng'ambo. Mmoja wao, Mama Angelina Atyam, aliahidiwa kurudishiwa binti yake peke yake iwapo angeacha kupaza sauti. Akakataa: wote au basi. Nilikuwa kijana wa kupanga viti mikutanoni mwao. Kwa hiyo dada wa Arua, dereva na daktari waombewe kwa pumzi moja.

Abdi, Kisenyi
Kupaza sauti nako hakuokoi kila mara. Nigeria 2018, mkunga Hauwa Liman aliombewa hadharani na Msalaba Mwekundu, na bado waliomshika walimuua. Familia isijilaumu kwa njia yoyote iliyochagua.

Mwanzisha mada, Kampala
Asanteni. Anayetafuta mtu, Msalaba Mwekundu Uganda hutafuta waliopotezana na jamaa zao bila malipo. Mama Bundibugyo, kuna familia imeniandikia pembeni. Naweza kuwapa maneno yenu ya redioni wayafuate?

Mama Bundibugyo
Wapeni. Ila dawa wataje ile ambayo mtu wao anaimeza kweli. Akiulizwa huko akasema haijui, watadhani tangazo lina maneno ya siri, na atakayeumia ni yeye.