Wanamnyima mama vocha ya mtoto, halafu wanamkatia msaada kwa kukosa kwenda kazini. Huu ni uonevu!

Salaam wakuu. Naandika nikiwa na hasira, na wale wenye mazoea ya kusema "akina mama wa Kikongo wamekuja Marekani kula hela ya bure" nawaomba wasome mpaka mwisho kabla ya kufungua midomo.

Mambo yako hivi. Huku mama anayelea watoto peke yake akiomba msaada wa fedha taslimu, ule unaoitwa TANF, anaambiwa lazima afanye kazi au ahudhurie mafunzo ya kazi saa kadhaa kila wiki. Sawa. Lakini ili aende, mtoto lazima awe na mahali pa kushinda, na kituo cha kulelea watoto bila vocha ya serikali, yaani msaada wa kulipia malezi ya mtoto kituoni, hawezi kukilipia. Akiomba vocha, anaambiwa imejaa, kuna orodha ya kusubiri. Basi anabaki nyumbani na mtoto wake, na kwa kubaki huko anakatwa ile fedha. Ni sawa na mtu akufungie mlango kisha akutoze faini kwa kutoingia.

Hili sikusimuliwa. Jirani yangu ni mama kutoka Uvira, amekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ana watoto wawili. Mkubwa yuko shule, mdogo hajafika miaka mitatu. Jimbo silitaji kwa sababu kesi yake bado iko mezani. Mimi ndiye ninayemsomea barua, maana zinakuja kwa Kiingereza ilhali kwenye faili lake imeandikwa kabisa kwamba anazungumza Kiswahili. Hii ya mwisho ilikuwa na kurasa nne. Kurasa zote za mwanzo ni maelezo ya jumla yasiyomhusu, kisha chini kabisa, ukurasa wa nne, mistari miwili: hukuhudhuria mafunzo, msaada wako utasimama mwezi ujao.

Tukapiga simu. Muziki wa kusubiri ulilia mpaka mtoto akalala begani kwangu. Ofisa alipopokea nikamweleza kwa heshima zote: huyu dada aliomba vocha, yuko kwenye orodha yenu, mtoto amwachie nani? Akanijibu, "Malezi ya watoto ni programu nyingine. Hapa tunaangalia mahudhurio tu." Nikaomba namba ya hiyo programu nyingine. Akanipa. Anwani yake ni jengo lilelile.

Sasa sikilizeni kinachonichoma zaidi. Sheria iliyoanzisha TANF, ile aliyoisaini Rais Bill Clinton Agosti 1996, ina kinga kwa watu kama jirani yangu. Inasema jimbo haliruhusiwi kumpunguzia wala kumkatia msaada mzazi anayelea peke yake mtoto wa chini ya miaka 6 kwa sababu hakufanya kazi, ikiwa anathibitisha kwamba amekosa mahali pa kumwacha mtoto. Sababu zimetajwa: hakuna kituo kinachofaa karibu na nyumbani au kazini, hakuna ndugu anayefaa kumlea, au vituo vilivyopo bei yake haishikiki. Na saa zenyewe kwa mzazi wa namna hiyo ni 20 kwa wiki, si 30. Tena kanuni za vocha za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, zinaitaka serikali ya jimbo iwajulishe wazazi wanaopokea TANF kwamba kinga hii ipo.

Nani alimjulisha jirani yangu? Nimezisoma zile kurasa nne neno kwa neno. Wamepata nafasi ya kuandika kuhusu adhabu ya udanganyifu, wamepata nafasi ya kumkumbusha atoe taarifa akibadilisha anwani, ila haki yake inayomhusu moja kwa moja wameiacha. Mimi nimeigundua kwa kusoma sheria usiku baada ya shifti. Je, yule asiye na jirani wa kumsomea?

Na hata akipewa kinga hiyo, muda wake unaendelea kuliwa. Fedha za TANF za shirikisho mtu mzima anaruhusiwa kuzipokea miezi 60 tu maisha yake yote, na majimbo yana ruhusa ya kuweka muda mfupi zaidi. Kila mwezi anaokaa akisubiri vocha unahesabiwa. Wao wanachelewesha, zinazopungua ni siku zake.

Nije kwa wenzetu wa "hela ya bure". Hela ipi? Indiana, kwa mfano, familia ya watu watatu ilikuwa ikilipwa dola 288 kwa mwezi, na kiwango hicho kilikaa zaidi ya miaka 30 bila kuguswa mpaka sheria ya 2023 ilipokipandisha kufika dola 513. Mississippi ni dola 260, na hiyo ni baada ya kuongezwa mwaka 2021 kutoka 170. Aliye Marekani anajua dola 260 zinafika wapi kwenye kodi ya nyumba. Tena ukiomba TANF, haki yako ya kudai matunzo kutoka kwa baba wa mtoto unaikabidhi kwa jimbo.

Fedha za shirikisho kwa ajili ya TANF ni kama dola bilioni 16.5 kwa mwaka, kiwango kilekile tangu miaka ya tisini, wakati maziwa, nepi na nauli vimepanda mara ngapi! Mwaka 1996, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata msaada wa fedha taslimu. Miaka ya karibuni ni kama 21. Na fungu lenyewe, kinachofika mikononi mwa familia kama fedha taslimu ni karibu robo tu. Nyingine majimbo yanapeleka yanakotaka. Mississippi mkaguzi wa jimbo alikuta dola zisizopungua milioni 77 za TANF zimetumika vibaya. Milioni 5 zilikwenda kujenga ukumbi wa mpira wa wavu chuo kikuu, na mkurugenzi wa idara iliyozisimamia alikiri makosa mahakamani mwaka 2022. Hao ndio waliokula hela ya maskini, siyo mama wa Uvira mwenye mtoto mgongoni.

Halafu watu wanachanganya. Wanaona mama anapeleka mtoto kituoni kwa vocha, wanasema huyo naye yuko kwenye TANF. Familia nyingi zenye vocha hazipokei TANF kabisa. Ni watu wanaokwenda kazini: wanapakia mizigo maghalani, wanasafisha hospitali, wanaosha wazee. Vocha ndiyo inayowawezesha kwenda. Sheria ya 2014 kuhusu vocha hizi iliwapa angalau utulivu kidogo, kwamba mtoto akishakubaliwa anakaa miezi 12 kabla ya kukaguliwa upya, na mzazi akipoteza kazi hatolewi papo hapo. Ni jambo jema hilo, nalikubali. Lakini linamsaidia aliye ndani. Aliye nje anasubiri, na mlango unazidi kubanwa: Indiana ilisimamisha vocha mpya Desemba 2024 na kuanza orodha ya kusubiri. Mtu anaomba mtoto akiwa na miezi sita, itakapofika zamu yake mtoto ameanza shule.

Ninachodai si kikubwa. Ofisi inayodai mahudhurio iwe na wajibu wa kuangalia kwanza kama mama ana vocha, kabla ya kuandika barua ya kumkata. Na kinga ya mtoto wa chini ya miaka 6 iandikwe ukurasa wa kwanza, kwa lugha ambayo mama anaisoma. Ofisi hizi zinaendeshwa kwa fedha za shirikisho, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazizuia kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Kwa hiyo mkalimani mnapaswa kupewa bila malipo. Msikubali kuambiwa mje na mtoto wa shule awatafsirie.

Tumeshakata rufaa kwa maandishi, ndani ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Wenye barua kama hii msikae nayo, maana ukiwahi, mara nyingi msaada unaendelea mpaka shauri lisikilizwe. Sasa nauliza kwa yeyote aliyewahi kuidai kinga hii: ofisi ilitaka ushahidi gani? Barua ya kituo kwamba hakina nafasi ilitosha, au walitaka na karatasi ya kuonyesha uko kwenye orodha ya vocha? Shauri lake linasikilizwa wiki ijayo, tuandikieni mapema.